Gilasi za Chupa Kuukuu: Karakana ya Akina Mama Mji Mkongwe

Huu ni mwezi wa nne tangu niingize nyumbani kwangu gilasi sita na taa moja ya kuning'iniza, vyote vikiwa kazi ya wanawake walioungana na kufungua karakana ya kioo katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sikutaka kuandika mapema, kwa sababu chombo cha kunywea hakijulikani ubora wake dukani, hujulikana baada ya kutumiwa na watoto na kuoshwa kila siku.

Chupa wanazotumia ni zile zisizo na pa kurudi. Chupa ya soda ina kreti yake, na mwenye duka huidai mpaka irudi. Lakini chupa ya mvinyo iliyoletwa kwa meli kwa ajili ya wageni wa hoteli za Nungwi au Paje, ikishamiminwa haina mwenyewe, na kwa kuwa kioo hakiozi, hubaki jaani au vichakani miaka na miaka. Akina mama hawa huzikusanya, huzirowesha ili lebo zitoke, huziosha, kisha huchora mstari kwa kikatio cha kioo na kuzimwagia maji ya moto na ya baridi kwa kupokezana mpaka zikatike. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Mdomo wa gilasi husuguliwa kwa msasa ulioloweshwa, kuanzia ule wenye chembe kubwa hadi ule laini kabisa, na maji hayo ndiyo yanayozuia vumbi la kioo lisiruke na kuingia vifuani mwao. Nimepitisha kidole kwenye midomo yote sita, na mwanangu mdogo anainywea juisi ya ukwaju kila mchana. Sijaona mkwaruzo hata mmoja. Kwangu mimi thamani yote ya duka hili iko katika mdomo huo.

Taa inanipendeza zaidi. Imeundwa kwa vigae vya chupa, vya kijani na vya rangi ya asali, vilivyolainishwa katika tanuri dogo la umeme kwa joto la karibu nyuzi 800 mpaka vikashikana, kisha vikaachwa vipoe polepole usiku kucha. Nilielezwa kuwa hawachanganyi vigae ovyo, maana kioo cha aina moja hakisinyai sawa na cha aina nyingine, na kipande kilichochanganywa hupasuka chenyewe kinapopoa. Jioni taa ikiwashwa, ukuta wa ukumbi wangu hupata rangi zile zile tunazoziona kwenye vioo vya madirisha ya nyumba za kale za mjini.

Lipo la kulalamikia. Gilasi moja ilipasuka nilipoitilia chai ya tangawizi iliyotoka jikoni, kwa kuwa kioo cha chupa hutanuka upande wa ndani kabla upande wa nje haujapata joto. Sikuonywa siku ya kununua, na karatasi ya maelezo iliyofungwa kwenye bidhaa imeandikwa Kiingereza peke yake, kana kwamba mnunuzi wa hapa nyumbani hatarajiwi. Walinibadilishia bila ya swali. Hata hivyo, nawaomba waandike Kiswahili, tena kwa herufi kubwa. Bei nayo, shilingi 12,000 kwa gilasi, ni nzito ukilinganisha na gilasi za kutoka nje zinazouzwa Darajani, ingawa baada ya kuitazama kazi ya msasa sioni kuwa nimedhulumiwa.

Jirani yangu mmoja hakuridhika kunywea chombo kilichokuwa na mvinyo, hata baada ya kuoshwa. Nimeuheshimu msimamo wake, na akina mama wale pia hawakubishana naye. Yeye alichukua taa.

Wiki iliyopita nilikwenda kuagiza mirashi miwili, vile vyombo vya kunyunyizia marashi, kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu, nikiwa na fedha ya kutanguliza mkononi. Bibi aliyenipokea alinieleza kwa upole kwamba shingo nyembamba ya mrashi hupatikana kwa kupuliza kioo kilichoyeyuka, kwamba tanuri lao halifikii joto hilo, na akanirudishia fedha yangu yote.