Uzoefu wangu: banda la vipepeo Amani, na jike lililonipita mbele ya macho

Mimi ni mtu wa michungwa, Muheza, na miaka yote kipepeo kwangu alikuwa mama wa viwavi tu. Wale wanaoanza wakiwa kama kinyesi cha ndege juu ya jani, wakikua wanageuka kijani na kuumaliza mche wa kitaluni ukabaki kijiti. Shemeji aliponiambia tupande Amani, kule juu milimani Usambara, tukatembelee banda la vipepeo, nikamjibu hao ninao bure nyumbani.

Na kweli, wa kwanza kuonyeshwa alikuwa huyo huyo wangu, Papilio demodocus: mweusi, madoa ya njano, mabawa hayana mkia. Dada aliyetutembeza akamgusa kiwavi mmoja kwa kijiti. Hapo nyuma ya kichwa zikachomoza pembe mbili laini, rangi ya chungwa, zikitoa harufu iliyomfanya mtoto wa shemeji azibe pua. Nimeponda viwavi hivi mpaka nimechoka, lakini pembe hizo sikuwahi kuziona.

Kiingilio changu lakini kilirudi kwa yule wa pili, Papilio dardanus. Ni ukoo mmoja na mwenzake, na viwavi wao wote hula miti ya jamii ya mchungwa. Dume ni njano iliyopauka, kingo nyeusi, bawa la nyuma limechongoka mkia. Nikauliza, jike liko wapi?

"Baba, si huyo uliyekuwa unamtazama sasa hivi?"

Nilikuwa natazama kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe, hana mkia hata wa dawa. Nilishamhesabu kabila jingine kabisa! Kumbe anaiga kipepeo mwenye sumu ili ndege wamwogope, na yeye mwenyewe sumu hana. Tena majike hawafanani wao kwa wao. Huyu kaiga aina hii, yule kaiga nyingine. Ukivuka bahari mpaka Madagaska, jike linavaa sare ya dume, na mkia juu.

Kasoro ipo. Tulifika asubuhi na mapema, ukungu umetanda, vipepeo wote wamekunja mabawa kwenye wavu kama majani makavu. Tulipiga simu jana yake na hakuna aliyetuambia kuwa bila jua hawaruki. Tukakaa kwenye benchi tukila mihogo hadi saa tano.

Kwa hiyo nenda jua likishapanda. Na kama una michungwa, usiulize pale dawa ya kuua viwavi. Mimi niliuliza.