Desa la majibu la 12,000 pale stesheneri: nyota 2, ila ticha wa Jumamosi nyota 4 na nusu

Wale mnaokaribia UE (mtihani wa mwisho wa muhula) nisomeni kwanza kabla hamjatoa hela. Nyuma ya geti la chuo chetu (chuo sitaji, stesheneri sitaji, wanaoijua wameshaijua) kuna desa limebaindiwa kwa springi, gamba la bluu, ndani kuna maswali ya mazoezi yaliyosolviwa ya uchumi, fizikia, takwimu na programu, kurasa 140 na kitu, bei 12,000 na haipungui hata jero. Mi nasoma uchumi na takwimu mwaka wa pili, rumeti wangu yuko uhandisi, bumu lilikuwa limeingia juzi yake, basi tukachanga 6,000 kila mtu tukaona tumeula. Dada wa stesheneri akatuambia "kaka zangu, hili mkilimaliza sapu (mtihani wa marudio) mtaisikia kwa jirani tu."

Nianze na la rumeti maana ndo lilituvunja mbavu. Ukurasa wa 17, swali la kawaida kabisa, kiboksi kimewekwa kwenye mteremko wa digrii 30, msuguano 0.2, tafuta mchapuko. Hili swali kila aliyepita fizikia amelisolvu, unachukua 9.8 unazidisha na sin 30 toa 0.2 mara cos 30, inakuja 3.2 na wala uzito wa kiboksi hauhitajiki unajikata wenyewe. Desa linasema jibu ni hasi 9.985. Hasi! Yani kiboksi kimeachiwa kwenye mteremko kikaamua kupanda juu chenyewe, afu kinapanda kwa kasi inayoongezeka kuliko jiwe linalodondoka kutoka dirishani. Rumeti akakaa nusu saa anajilaumu, anafuta anaandika, akijua yeye ndo hajaelewa, mpaka mi nikamwambia hebu weka kalkuleta yako kwenye radiani ujaribu. Ikaja 9.985 vilevile na hasi yake. Kumbe aliyesolvu kalkuleta yake ilikuwa inasoma R ya radiani badala ya D ya digrii pale juu ya kioo, na hakushtuka. Hilo la kutoshtuka ndo lililoniuma zaidi, kusahau kila mtu anasahau.

Afu kuna uchapaji. Aliyetaipu vipeo vyote kavilaza chini, kwa hiyo kasi ya mwanga, yani 3 mara 10 kwa kipeo cha 8, imeandikwa 3x108, ukiisoma hivo mwanga unakimbia mita 324 kwa sekunde, karibu tu na sauti. Kwenye umeme ile 9 mara 10 kwa kipeo cha 9 imekuwa 9x109. Kama unajua unacheka unaendelea, kama hujui ndo unaingia nayo kwenye chumba cha mtihani.

Uchumi niseme ukweli wako vizuri, sehemu hiyo peke yake ningeipa nyota 4. Swali la kodi nalikumbuka mpaka leo: uhitaji ni 120 toa 2P, ugavi ni 20 jumlisha 3P, bei ya soko inakuja 20 na bidhaa 80. Serikali inaweka kodi ya 5 kwa kila bidhaa, anakatwa muuzaji. Wengi tunakimbilia kuandika bei mpya 25, tunasema si muuzaji atamsukumia mnunuzi yote. Desa limekwenda hatua kwa hatua, mnunuzi analipa 23, muuzaji anabakiwa na 18, bidhaa zinashuka mpaka 74, kwa hiyo kwenye ile 5 mnunuzi kabeba 3 na muuzaji 2, afu wakaonyesha kwamba anayebeba zaidi ni yule ambaye bei ikipanda anashindwa kuhama. Safi kabisa. Tatizo wanaandika "angalia mchoro" na mchoro wenyewe hamna, au upo ila ni kopi ya kopi ya kopi umekuwa giza tupu, ile pembetatu ya hasara ambayo kodi inaleta sokoni sijui inaanzia wapi.

Takwimu ndo waliponimaliza. Swali: daladala wanadai safari ni wastani wa dakika 48, wewe umepima siku 9 ukapata wastani wa 52 na mchepuko (namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa 6, je madai ni ya kweli kwa kiwango cha asilimia 5, pande mbili. Hesabu yenyewe rahisi, 52 toa 48 ni 4, gawa kwa 6 iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 9, yani 2, unapata 2.0. Desa likachukua 1.96 ya jedwali la z, 2.0 imezidi, wakaandika kwa kujiamini madai yanakataliwa. Nikakariri hivo hivo. Kwenye tesiti likaja swali la namna hiyo hiyo, tofauti namba tu, nikakataa madai kwa mbwembwe, nikarudishiwa karatasi ina msalaba mwekundu na herufi moja tu, t. Siku 9 ni chache, na ile 6 hujaambiwa na mtu umeipima mwenyewe, kwa hiyo unatakiwa kwenda jedwali la t na digrii 8 za uhuru (siku 9 toa 1), pale mpaka ni 2.306, na 2.0 haijafika. Namba zile zile, jibu kinyume kabisa. Alama 10 zikaenda na maji, hela ya desa nishaisahau ila hizo alama bado zinaniwasha.

Sehemu ya programu sitaki kukaa sana. Kodi (ya kompyuta jamani, sio ya TRA) imetaipiwa kwenye Word, matokeo yake zile nafasi za mwanzo wa mstari zimepotea zote na alama za nukuu zimepinda, na Python (lugha yenyewe ya programu) ukiipa nukuu zilizopinda inakugomea hapo hapo. Kuna mahali print haina mabano, hiyo ni Python 2 ambayo wenyewe waliacha kuihudumia tangu tarehe 1 Januari 2020. Ila lililonikera ni swali la kujumlisha 1 mpaka 100, wameandika range(1,100), ambayo inaishia 99 na inatoa 4950, afu chini yake jibu limeandikwa 5050. Maana yake hakuna binadamu aliyewahi kuirani hiyo kitu, mtu kaandika jibu analolijua toka fomu two akaweka juu yake kodi inayofanana fanana.

Basi nikarudi pale na desa langu nimepigia mistari, nikiwa na hasira zangu. Dada hakubisha, akasema "kaka'angu mi nataipu tu, aliyesolvu anafundisha hapo juu Jumamosi, panda ukamuulize." Saa 3 asubuhi, buku tatu, chumba juu ya stesheneri, feni moja, watu kama 20 tumebanana. Nikasema nilishapoteza 6,000, tatu tena ya nini, ila nikapanda ili nimwone tu huyo mtu.

Ticha mwenyewe kijana tu, kaja saa 3 na dakika 40 anavuta pumzi, akaomba radhi, akafungua daftari lake la mkono na pale nikaanza kuelewa. Vipeo viko juu vizuri, nafasi za kodi zipo, michoro kachora kwa rula, yote hayo yalikufa kwenye kutaipu. Nikamuuliza kiboksi kinachopanda, nikategemea atamsukumia dada. Akaangalia, akanyamaza, akasema hilo ni langu, kalkuleta yangu. Akafuta ubao akalisolvu upya mbele yetu, na kabla hajagusa kalkuleta akatuuliza, jibu haliwezi kuzidi ngapi? Watu kimya. Akasema kama mteremko ungekuwa na mafuta, hamna msuguano kabisa, ni 9.8 mara nusu, 4.9. Msuguano unapunguza. Kwa hiyo jibu liko kati ya sifuri na 4.9, ukipata kitu nje ya hapo usiandike, tafuta umekosea wapi. Sentensi moja hiyo, na jibu la desa lake mwenyewe linakufa bila hata kulisolvu.

Na anafanya hivo kila swali. Kodi ya 5, bei ya mnunuzi lazima iangukie kati ya 20 na 25, sasa ukipata 27 unajua umejumlisha palipotakiwa kutoa. Kodi ya kompyuta anakwambia jaribu kwanza kwa 1 mpaka 3, jibu unalijua ni 6, programu ikikupa 3 basi imeacha namba ya mwisho, huna haja ya kusubiri ufike 100. Kuhusu t nilimuuliza mwenyewe, akasema jedwali la z ni la mtu aliyepewa mchepuko wa kweli, we umeukadiria kwa siku 9 kwa hiyo unatozwa faini, faini yenyewe ni hiyo 2.306 badala ya 1.96, ukipima siku 30 inashuka mpaka 2.045, inaendelea kushuka hivo. Akaongezea kwamba aliyeigundua alikuwa anafanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, William Gosset, sampuli zake zilikuwa chache hivo hivo, akachapisha 1908 kwa jina la kificho la Student. Darasa zima likaamka kusikia bia. Nikamuuliza sasa kwa nini umeandika z kwenye desa, akacheka, akasema aliliandika akiwa mwaka wa kwanza na hajawahi kulirudia. Nyota nusu niliyomnyima ni ya hapo, na ya kuchelewa, na ya kwamba programu anafundishia ubaoni kwa sababu projekta hamna, mtu unakopi kodi kwa peni kama shairi.

Kwa wale wa mbali au msio na buku tatu kila wiki, kuna vya bure na ni bora kuliko hilo desa kwa mbali. MIT wameweka kozi zao wazi kwenye OpenCourseWare, 14.01 ni uchumi mdogo, 18.05 ni uwezekano na takwimu, 6.0001 ni Python, utakuta humo maswali ya mazoezi, unayashusha kwa bando la usiku, PDF ni nyepesi video ndo zinakula. OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice nao wana vitabu vizima vya fizikia, uchumi na takwimu bure. Shida yake huna wa kumuuliza saa sita usiku ukikwama, na lugha ndo ile ile ya lekcha. AI nayo tumeijaribu mi na rumeti, inaeleza vizuri sana hata ikikosea, kwa hiyo ile ya "haliwezi kuzidi ngapi" huko ndo inahitajika mara mbili.

Kwa hiyo desa usinunue, au kama mna grupu chukueni moja mkate ile sehemu ya uchumi mkatoe kopi. Jumamosi nendeni, fikeni saa 3 na nusu msihangaike na saa 3, mbele upande wa dirisha kuna hewa. Mi nilimwandikia dada makosa yote niliyoyaona, kurasa mbili nyuma na mbele, akaniahidi kopi 50 za bure. Toleo jipya limetoka wiki iliyopita, gamba la kijani, 13,000. Kasi ya mwanga wameirekebisha. Ukurasa wa 17 nimefungua pale pale kaunta, kiboksi bado kinapanda, na kopi zangu 50 bado nadai.