Mafuta ya nazi au ya nyonyo: yapi yafae nywele zako?

Mafuta ya nazi ni mepesi. Asidi ya lauriki iliyomo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ndiyo maana mimi huyapaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, si baada ya kuosha. Yakiganda asubuhi ya baridi usidhani yameharibika. Chini ya nyuzi 24 hivi ndivyo yalivyo. Weka chupa kwenye maji ya moto.

Nyonyo, au mbarika kama wengine wanavyoiita, hutoa mafuta mazito yanayovutika kama asali. Haya hukaa juu ya unywele na kuzuia unyevu usitoke. Nywele za kipilipili huyapenda, hasa kwenye ncha, ila lowesha kwanza: mafuta si maji, na ukiyapaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu. Yakikushinda kuyasambaza, changanya kijiko kimoja na viwili vya nazi. Mwenye nywele za singa ayaache. Yatazilaza zionekane hazijaoshwa wiki nzima. Matone mawili ya nazi kwenye ncha yanamtosha.

Mwenye mba asijaze mafuta kwenye ngozi ya kichwa, ya aina yoyote, kwa kuwa fangasi wa mba hula mafuta.

Na ile sifa ya nyonyo kuotesha nywele za mbele zilizonyofoka? Ushahidi ni hafifu. Mwambie msusi asikaze.