TanzLII kwa anayesaka hukumu za mauaji zilizotenguliwa Mahakama ya Rufani

TanzLII, hifadhi ya mtandaoni ya hukumu za mahakama za Tanzania, haina malipo wala haidai ujisajili. Kwa anayesaka rufani za mauaji zilizoshinda kwa udhaifu wa ushahidi, hapo ndipo pa kuanzia, ila ujue unachokitafuta.

Ukiandika "acquitted" utaletewa rundo la kesi ambazo neno hilo limepita tu kwenye aya moja. Majaji wa Rufani wanapomwachia mtu, aghalabu wanafuta hatia, wanatengua adhabu ya kunyongwa, kisha wanaamuru atoke gerezani isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Tafuta maneno ya amri hiyo, tena kwa Kiingereza, maana hukumu nyingi bado ziko hivyo: "other lawful cause" au "otherwise lawfully held", ndani ya alama za kunukuu. Chuja kwa mahakama, halafu ongeza kasoro yenyewe: "visual identification" (utambuzi wa kuona kwa macho), "cautioned statement" (maelezo ya onyo), "circumstantial evidence" (ushahidi wa mazingira).

Kwa utambuzi wa usiku, anza na kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya 1980, inayoweka maswali ya kujiuliza. Shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, kwa mwanga wa nini na wenye nguvu kiasi gani, na je, walikuwa wakifahamiana? "Taa ilikuwa inawaka" haitoshi. Iunganishe na kesi ya Marwa Wangiti Mwita: shahidi anayemfahamu muuaji kwa jina lakini hakumtaja mapema kwa yeyote, ushahidi wake unatiwa shaka.

Maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, yana mitego yake. Utakutana sana na vifungu vya 50 na 51 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: saa 4 za mahojiano tangu kukamatwa, na nyongeza inayopaswa kuombwa. Kielelezo, yaani hati iliyotolewa kama ushahidi, kilichopokewa bila kusomwa kwa sauti mahakamani nacho huondolewa. Hapa wasomaji wengi wanakosea: wanadhani kuondolewa kwa kielelezo tayari ni ushindi. Soma kurasa zinazofuata uone kimebaki nini. Daktari akiwa ameeleza kwa mdomo chanzo cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti inaweza kuondoka na hatia ikabaki.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya kuachiwa na kubatilishwa kwa mwenendo, yaani usikilizaji mzima wa kesi kufutwa. Kesi iliyoharibika kwa taratibu inaweza kurudishwa isikilizwe upya, na mrufani akabaki mahabusu. Tafuta kesi ya Fatehali Manji ya 1966: kesi hairudishwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Jamhuri, yaani huo upande wa mashtaka, ikiwa na ushahidi mwembamba, hoja hiyo ndiyo inayomtoa mtu.

Udhaifu wa huduma? Hukumu za zamani nyingine ni nakala zilizopigwa picha, kwa hiyo utafutaji wa maneno unaziruka. Tafuta kwa majina ya wahusika badala ya rejea ya TLR (Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu zilizochapishwa). Pia usinukuu uamuzi kabla ya kulitafuta jina lake kwenye hukumu za miaka ya karibuni, maana Mahakama ya Rufani huwa inasema uamuzi wa zamani hauihusu kesi iliyo mbele yake, au inaacha misimamo yake. Unapochapa, chukua PDF badala ya kunakili maandishi ya skrini: wakili atakuuliza ukurasa.