Uzoefu wangu: nimetoa madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele bila kuweka viniya (maganda ya kubandika juu ya jino)

Nianze na matokeo, maana najua ndicho wengi mnachotafuta. Meno yangu ya mbele hayana tena madoa ya kahawia, hayajachongwa, wala hayafanani na yale meupe pee ya kwenye mabango. Yana rangi ya meno. Kwangu inatosha kabisa, ila kama unataka weupe wa karatasi, njia niliyopita mimi haitakufikisha huko.

Nimekulia Maji ya Chai, Arumeru. Anayeyajua maeneo yale ameshaelewa. Maji ya pande nyingi za Mlima Meru yana madini ya floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, yanakuja kuota yakiwa na mabaka meupe, ambayo baadaye huweza kugeuka ya kahawia. Mswaki hauyatoi, kwa sababu doa limo ndani ya jino lenyewe. Nyumbani hakuna anayekushangaa. Dar ndiko nilikoanza kuulizwa "wewe mtu wa Arusha?" hata salamu haijaisha, na kazi yangu ni ya mapokezi, yaani nasalimia watu kutwa nzima.

Kliniki ya kwanza niliyoingia, jina nalihifadhi, ilinipangia viniya nane za juu kabla sijafungua mdomo vizuri. "Dada, unatoka hapa mtu mpya." Nikauliza jino linafanywaje. Nikajibiwa linapunguzwa kidogo tu, halafu linabandikwa ganda la kauri. Hicho kidogo, nilipobana maswali, ni kama nusu milimita ya ile ngozi ngumu ya jino, ambayo unene wake kwenye meno ya mbele haufiki mbali zaidi ya milimita moja, na ikishaondoka haioti tena. Maana yake umeingia mkataba wa maisha: ganda likichoka baada ya miaka kumi au kumi na tano, utaweka jingine, na jingine. Sisemi viniya ni mbaya. Mtu ambaye floridi imemtoboatoboa meno au yamemeguka sana, pengine ndiyo dawa yake. Kilichonikera ni kuanzia mwisho wa ngazi wakati meno yangu ni mazima na shida ni rangi.

Kliniki ya pili iko Upanga. Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, kwanza alinitoa ugaga, maana nusu ya wanachokiita watu meno machafu ni huo. Kisha akayakausha meno kwa upepo, akayamulika, akapima rangi yake kwa kile kibao chenye meno ya mfano, na kupiga picha. Akaniambia, "Tunaanza na kinachokata kidogo kabisa. Kikishindwa, tunapanda." Hapo nilimwamini.

Alichofanya ni kufunika ufizi kwa mpira mwembamba, kupaka dawa yenye asidi iliyochanganywa na chenga laini sana, na kuisugua kwa brashi ya mashine jino kwa jino. Anasugua, anaosha, anatazama, anarudia. Ganzi haikuhitajika. Hii nayo inaondoa tabaka la juu, lakini ni jembamba mno ukilinganisha na kuchonga. Kahawia yote iliyokuwa juujuu iliondoka palepale, nikashika kioo nikacheka peke yangu. Yaliyobaki ni kivuli cha manjano na mabaka meupe.

Hatua ya pili ni kung'arisha. Walichukua umbo la meno wakanitengenezea trei laini za plastiki, ndani yake unatia tone la dawa na kulala nayo. Hapa ndipo nataka msome taratibu. Siku za mwanzo mabaka meupe yalionekana zaidi, si kupungua! Nilitaka kuacha. Daktari alishaniambia yataanza hivyo, kisha sehemu nyingine ya jino itayafikia kwa weupe na tofauti itafifia. Ndivyo ilivyokuwa, ingawa baka moja la pembeni bado lipo ukilitafuta. Meno pia yalianza kuuma ajabu, maji ya baridi yakipita yanachoma hadi kwenye kisogo. Nilikuwa naruka usiku mmoja na kutumia dawa ya mswaki ya meno yanayohisi baridi, ikatulia. Kipindi chote hicho chai ya rangi, mchuzi wa binzari na ukwaju niliviweka kando. Wali wa nazi na samaki wa kukausha vilinifaa, sikuteseka.

Nilikuwa pia na jino lililomeguka ncha. Nilitaka lijazwe mapema, daktari akakataa: dawa ya kung'arisha ikiwa bado imebaki ndani ya jino, ile dawa nyeupe ya kujazia haishiki sawasawa, kwa hiyo unasubiri kama wiki mbili. Tena kilichojazwa haking'ariki baadaye, kwa hiyo lazima rangi ya meno itulie kwanza ndipo wailinganishe. Wengi huko mtaani wanageuza mpangilio huu, kisha wanashangaa jino moja limebaki la njano.

Gharama: bima haikugusa chochote, kwao huo ni urembo. Jumla yangu yote ilikuwa chini ya bei ya viniya moja ya kauri pale kliniki ya kwanza. Ulizeni mapema kama bei ni ya jino au ya mdomo mzima, na kama trei zimo ndani yake.

Malalamiko ninayo. Miadi ya saa tatu ni saa tano, kila mara, na mapokezi hawaombi radhi. Mimi wa mapokezi naona aibu kwa niaba yao.

Mtaani kuna wanaokubandikia maganda ya plastiki sebuleni kwako, meno yote ya mbele kwa saa moja. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muulize huyo wa sebuleni namba yake ya usajili uone anavyobabaika. Ndimu na mkaa nao waachie jikoni, vinakula jino lenyewe.

Trei zangu nimezihifadhi kwenye kikopo chake. Rangi ikianza kurudi, nitanunua dawa tu.