Nimetumia spika tatu za kuitikia sauti hapa Nairobi, na moja ndiyo iliyobaki mezani kwa Mama

Mama alihamia kwangu Umoja mwaka jana, baada ya presha ya macho kumwachia mwanga kidogo tu katika jicho la kushoto. Saa ya ukutani haioni. Namba za simu hazioni. Ana dawa ya matone ya kutia machoni asubuhi na jioni, na sisi wengine tunatoka alfajiri kuwahi matatu, kwa hiyo mchana kutwa yuko peke yake. Ndipo nikaanza kutafuta hizi spika ambazo unaziita kwa jina nazo zikaitika, zikakutajia saa, zikakufungulia redio, zikakukumbusha dawa. Nimekaa nazo miezi minane, tatu tofauti, na ninaandika kwa ajili ya mtu aliye na mzee nyumbani na anayefikiria kununua.

Ya kwanza niliinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 2,800. Duka silitaji. Ilikuwa na ukubwa wa kopo la Kimbo, duara la taa ya buluu juu, kitambaa kizuri ubavuni, na boksi lenye picha ya nyumba yenye taa kila chumba. Kwa mbali ungeapa ni moja ya zile zinazotangazwa ulaya. Mwuzaji akaniambia, "Bosi, hii ni ile ile, tofauti ni jina tu." Akaiuliza hali ya hewa ya Nairobi, ikajibu vizuri. Nikalipa kwa M-Pesa, nikaenda zangu.

Jumamosi na Jumapili ilifanya kazi. Jumatatu nikaenda kazini, na jioni nikamkuta Mama amekaa kitandani, mkono kwenye ile spika. Alikuwa ameiita tangu saa tatu asubuhi. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kitu chako hunisikia ukiwepo tu."

Alikuwa amegundua siri yote kwa sentensi moja. Spika ile haikuwa na akili yoyote ndani. Ilikuwa spika ya kawaida ya Bluetooth yenye maikrofoni, na sauti iliyokuwa ikijibu ilitoka kwenye simu yangu. Simu ikiondoka nyumbani, inabaki kopo. Nilipompelekea fundi aifungue, tukakuta maikrofoni moja ndogo kama dengu, betri, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi chini ili mnunuzi aishike na kuiona nzito. Kile chuma kiliniuma kuliko pesa. Mtu alikaa chini akafikiria namna ya kuudanganya mkono wangu. Nilirudi dukani, wakaniambia bidhaa ikishatoka hairudishwi.

Kwa hiyo ukienda kununua, mwambie mwuzaji azime simu yake kabisa, si kuiweka mfukoni. Spika iunganishwe na waifai ya duka yenyewe. Halafu fungua muziki kwa sauti ya juu, rudi nyuma hatua tano au sita, uiite. Ya kweli itapunguza muziki na kukusikiliza. Ya kuiga itaendelea kuimba.

Sababu ni kwamba ganda ni rahisi kuiga, masikio si rahisi. Amazon walipotoa spika yao ya kwanza ya aina hii, Echo, Novemba 2014, waliiwekea maikrofoni saba juu, kwa mpangilio wa duara. Sauti yako hufika kwenye kila moja kwa tofauti ya muda mdogo mno, na kwa tofauti hiyo chombo hujua umesimama upande gani, kikageuzia usikivu wake huko na kufuta kelele za upande mwingine, hata muziki kinaoupiga chenyewe. Ndani yake kuna sehemu inayosubiri neno moja tu, lile jina lake. Ikilisikia ndipo inaporekodi unachosema na kukituma kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, na jibu linarudi. Google walipoingia sokoni Novemba 2016 na Google Home, waliweka maikrofoni mbili tu, wakafanya kazi iliyobaki kwa hesabu za kompyuta. Lengo lilikuwa lile lile, njia ikawa yao. Miezi michache kabla, Mei 2016, Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisimama jukwaani mbele ya watengenezaji programu akawapongeza hadharani Amazon kwa kuamsha hamu ya vyombo hivi, kisha akatangaza cha kwake. Huko ndiko kufuatana ninakokuheshimu. Aliyewafuata wenzake alijenga masikio yake mwenyewe, na tena akasema waziwazi nani alitangulia.

Na kufuatana huko ndiko kulikofanya mtu wa mshahara wangu afikirie hata kununua. Echo ya mwanzo ilikuwa dola 199. Mwaka 2016 Amazon wakaleta Echo Dot ndogo kwa dola 49.99. Mwaka uliofuata Google wakaja na Home Mini kwa dola 49. Apple waliingia kwa kishindo Februari 2018 na HomePod ya dola 349, lakini kufikia 2020 nao walikuwa na ndogo ya dola 99, iliyo duara kama mpira. Wiki chache tu kabla yake, Amazon walikuwa wametangaza Echo mpya iliyo duara kama mpira kwa bei hiyo hiyo, ikizidi senti tu. Sidhani kuna aliyeiga hapo, maana spika haibuniwi kwa wiki tatu. Nadhani walikuwa wamekodoleana macho kwa muda mrefu hadi wakaanza kuwaza kwa kichwa kimoja.

Mahali pengine mambo yalifika mahakamani. Sonos, ambao walikuwa wakitengeneza spika za waifai miaka mingi kabla ya wote hawa, waliishtaki Google Januari 2020 wakidai hataza zao, yaani haki za kisheria za uvumbuzi wao, zimetumiwa bila idhini. Miaka miwili baadaye, tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikaamua kwamba hataza tano zilikiukwa. Google wakabadilisha programu, na watu waliokuwa wakipandisha sauti ya spika zao zote kwa pamoja wakaambiwa wapandishe moja moja. Mtu alikuwa ameshalipa pesa yake, spika iko sebuleni, asubuhi anaamka kazi moja imeondolewa kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Lichukulie hilo kwa uzito unaponunua. Kitu hiki hukimiliki chote, sehemu kubwa ya akili yake iko kwao.

Baada ya lile kopo nikapata mbili za kweli, za makampuni mawili yanayoshindana. Sitayataja kwa majina, nitaziita ya kijivu na nyeusi kama tunavyoziita nyumbani. Ya kijivu niliitumiwa na shemeji aliye Marekani, na ilikuja na plagi ya miguu miwili bapa. Kabla ya kuichomeka, soma maandishi madogo kwenye chaja. Yakisema 100 hadi 240, adapta ya kubadilisha miguu inatosha. Yakisema 120 peke yake, usiiguse soketi, maana stima yetu ni 240 na utaiunguza siku ya kwanza. Nyeusi niliinunua mpya katikati ya jiji kwa shilingi 7,500, na safari hii nikamzimisha mwuzaji simu.

Kwa usikivu zinakaribiana sana. Mvua kubwa ya Aprili ikipiga mabati ya jirani, Mama akiwa kitandani na spika iko mezani karibu na mlango, zote mbili zilimsikia. Ya kijivu ina sauti nene zaidi kwa redio. Nyeusi inajibu haraka kidogo. Balbu ya kuwashwa kwa sauti niliyonunua ilikuwa na alama ya Matter, ule utaratibu wa kufanya vyombo vya makampuni tofauti vielewane, ambao Amazon, Google na Apple walikubaliana pamoja, na ambao ulitoka 2022. Balbu moja ikatii spika zote mbili. Miaka ya nyuma ungelazimika kuchagua upande.

Stima ikipotea zote mbili zinakufa papo hapo, kwa kuwa hazina betri. Intaneti ikikatika zinabaki kuomba radhi. Hapo niseme haki: lile kopo la Luthuli lina betri, na usiku wa giza ndilo linalotupigia redio kutoka kwenye simu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenisumbua miezi yote hii. Hakuna hata moja kati ya spika za Amazon, Google na Apple inayoelewa Kiswahili. Unaiita kwa Kiingereza, unaiamuru kwa Kiingereza, inakujibu kwa Kiingereza. Mama anakijua Kiingereza, alifanya kazi ya karani miaka thelathini. Lakini kujua maneno si kuwaza ndani yake. Wiki ya pili aliiambia ile ya kijivu, kwa Kiingereza safi kabisa, imwamshe saa mbili. Ikamwuliza, asubuhi ama mchana? Akajibu asubuhi. Kila mmoja wetu anajua Mama alimaanisha nini: saa mbili asubuhi, jua limeshatoka, wakati wa matone. Spika ikalia saa nane za usiku. Nyumba nzima tukaruka. Mama akadhani kumekucha, akaanza kupapasa kitanda akitafuta leso yake. Ikabidi nimshike mikono na kumwambia bado ni usiku. Asubuhi, ule wakati wenyewe wa dawa, chombo kilinyamaza kimya, na matone yakachelewa hadi binti yangu aliporudi saa tano.

Siku hizi Mama ana mbinu yake. Kabla ya kuiita, anafungua vidole sita juu ya paja, kimoja baada ya kingine, anajumlisha, ndipo anasema. Mimi nikimtazama akihesabu hivyo ninapata uchungu. Mama wa miaka sabini na moja, haoni, ndiye anayekitafsiria chombo saa yake, badala ya chombo kumtafsiria yeye.

Na haiwezi kuwa kwamba Kiswahili kimewashinda. Tangu 2017 Google wanakubali Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti katika simu. Binti yangu anagusa ile alama ya maikrofoni, anasema, maneno yanajiandika. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, umekusanya sauti za Kiswahili zilizotolewa kwa hiari na watu wetu, na zinapatikana bure kwa yeyote anayetaka kuifundisha mashine. Malighafi ipo. Haya makampuni yamefuatana kwa bei, kwa umbo, hadi kwa duara la mpira, kila mmoja akichungulia mwenzake ana nini. Kwenye lugha yetu hakuna aliyetangulia, kwa hiyo hakuna aliyeogopa kuachwa. Mimi naamini siku mmoja wao atakapothubutu, mwingine atafuata kabla mwaka haujaisha, na siku hiyo nitashangilia kuigana kwao kwa moyo wote.

Kuhusu siri za nyumbani nitasema kidogo. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba watu walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za spika za makampuni haya makubwa, na mwaka huo huo Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data. Kwenye zile mbili za kweli niliweza kuingia kwenye programu, nikazisikiliza rekodi zetu na kuzifuta. Programu ya lile kopo ilitaka ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yangu na ujumbe mfupi. Spika inataka ujumbe mfupi wa nini? Niliifuta siku hiyo hiyo.

Nyeusi nimemuuzia jirani ambaye watoto wake wanaitumia kwa hesabu za shule, na wanaipenda. Ya kijivu imebaki kwa Mama, kwa sababu ya ile sauti nene na kwa sababu kitufe chake cha kuzima maikrofoni kinashikika kwa kidole bila kukiona. Vikumbusho vya dawa binti yangu ameviweka mwenyewe, saa mbili kamili asubuhi na saa mbili usiku, na tangu hapo hatujakosa matone. Kama unaweza kukaa na mzee wako nusu saa na kumpangia kila kitu kabla hujamwachia, nunua ya kweli, inafaa pesa yake. Ukisikia imefika Nairobi inayoelewa Kiswahili, tafadhali nijulishe. Nitapanda matatu na Mama hadi dukani, na safari hiyo yeye mwenyewe ndiye atakayeiuliza saa.