Kujaza gesi ya AC ya gari Unguja: unacholipia na usichopewa

Msimu wa kaskazi joto likikaza, gereji za Unguja, kuanzia Mwanakwerekwe mpaka Mtoni, hupokea ombi moja kuliko yote kuhusu AC: "Nijazie gesi." Kazi ni ya robo saa. Geji zinafungwa, mtungi unafunguliwa, upepo wa baridi unatoka, mteja analipa na kuondoka. Baada ya wiki chache anarudi na ombi lile lile. Huduma hii tunaipa alama ya chini, na sababu si kwamba mafundi hawajui kazi, maana wengi wanaijua vizuri. Tatizo ni kwamba anachouziwa mteja si matengenezo.

Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya redieta inaipoza mpaka inakuwa maji, ekspansheni valvu inaibana, kisha inachemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la ndani ya gari. Mfumo mzima hupoteza gramu chache tu kwa mwaka kupitia mipira na sili. Gari iliyojazwa Januari ikafika Machi haina baridi, inavuja. Kuijaza bila kutafuta tundu ni kupuliza pesa hewani. Na R134a, gesi iliyomo katika gari nyingi zetu, huchangia joto la dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Ndiyo maana ni miongoni mwa gesi zinazopunguzwa chini ya makubaliano ya Kigali ya 2016.

Hasara kubwa zaidi imo ndani ya kompresa. Oili yake haikai mahali pamoja kama ya injini, bali husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua, oili hairudi ya kutosha, na pale penye tundu nayo hutoka. Kila safari unayojaziwa gesi tupu, kompresa inabaki na oili kidogo kuliko mara iliyopita, mpaka siku inajisaga na kumwaga unga wa chuma kwenye kondensa. Kondensa za kisasa zina njia nyembamba mno, hazisafishiki kwa kupulizwa. Hapo bili inakuwa ya kompresa, kondensa, drayeri (kichujio kinachonyonya unyevu) na ekspansheni valvu kwa pamoja, na yote ilianza na oringi moja, mpira mdogo wa duara wa kwenye maungio.

Jambo la pili linalotusikitisha ni kujaza bila mizani. Geji hupima mgandamizo, haipimi gramu. AC ikiwa imezimwa na hewa ni nyuzi 30, R134a husoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha mgandamizo), iwe mfumo umejaa au umebaki nusu, maadamu ndani kuna gesi iliyo katika hali ya maji. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na feni ya ndani ikiwa juu kabisa, Toyota nyingi husoma psi 22 hadi 36 upande wa chini, yaani wenye mgandamizo mdogo, na psi 199 hadi 228 upande wa juu, wenye mgandamizo mkubwa. Namba hizo husaidia kutambua ugonjwa. Upande wa chini ukizama mpaka chini ya sifuri, mara nyingi ekspansheni valvu imeziba au unyevu umeganda humo. Pande zote zikiwa juu, gesi imezidi, au feni ya kondensa haizunguki. Wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa imechoka. Lakini kipimo cha kujazia hazikupi.

Kipimo kiko kwenye stika chini ya boneti. Gari ndogo nyingi huchukua kati ya gramu 350 na 500. Zenye AC ya nyuma huchukua zaidi. Kwenye mfumo wa gramu 450, kuzidisha gramu 100 ni zaidi ya moja ya tano, na baridi inapungua badala ya kuongezeka. Fundi asiyekuwa na mizani ya mtungi anakisia, hata awe na uzoefu wa namna gani.

Huduma tunayoipendekeza ni ile inayoanza kwa kutafuta, na inaweza kuchukua nusu siku. Fundi mzuri huanza kwa macho na kidole. Gesi ikitoka hubeba oili, na oili hushika vumbi, kwa hiyo kwenye maungio au pembeni ya kondensa utaona doa jeusi lenye unyevu wakati pembeni yake pakavu. Akishaliona hilo, hupuliza naitrojeni kavu mpaka psi 150 hivi na kupaka povu la sabuni. Hewa ya kujazia matairi isiingie humo kabisa: ina maji, na PAG, oili ya kompresa nyingi, hunywa maji kwa pupa. Valvu za kujazia nazo zipakwe povu, kwani zinasahaulika sana, na kifuniko chenye mpira mzima ndicho sili ya mwisho. Evaporeta haionekani, basi AC huzimwa kwa dakika 15 na pua ya kifaa cha kunusa gesi huwekwa kwenye mpira wa kutolea maji chini ya gari. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatelemka hapo.

Tundu likishazibwa na oringi za R134a zikiwekwa mpya zilizopakwa oili, vakyumu pampu, ile ya kunyonya kila kilichomo ndani ya mfumo, ifanye kazi dakika 30 hadi 45. Si suala la kutoa hewa tu. Mgandamizo wa ndani ukishuka vya kutosha, maji huchemka hata kwa joto la kawaida la hapa kwetu na kuvutwa nje yakiwa mvuke. Kisha pampu izimwe na sindano ya geji iangaliwe angalau dakika 15; ikipanda, bado kuna tundu, na kujaza kusubiri. Kondensa ikibadilishwa, oili irudishwe, kwa Toyota nyingi karibu mililita 40. Kwenye haibridi yenye kompresa ya umeme usikubali PAG. Inatakiwa oili yake maalumu, kwa Toyota ni ND-11, la sivyo umeme mkubwa unaweza kuvujia kwenye bodi.

Kuna ugonjwa mmoja unaojaziwa gesi bure kila siku: asubuhi baridi safi, saa saba mchana inakata, jioni inarudi. Kabla ya kufungua mtungi, pima nafasi kati ya puli ya kompresa na sahani ya klachi yake, ambayo sumaku huivuta ili kompresa izunguke. Kwa kawaida ni karibu nusu milimita. Sahani ikishalika, nafasi inapanuka na sumaku iliyopata moto inashindwa kuivuta. Dawa ni kufungua nati moja, kutoa washa (kibati cha duara) nyembamba iliyo nyuma ya sahani na kufunga tena. Ikiwa baridi hupotea gari iliposimama kwenye foleni ya Darajani na kurudi ikikimbia, angalia feni ya kondensa na relei yake.

Makopo ya kujaza mwenyewe yenye dawa ya kuziba matundu hatuyapendekezi hata kidogo. Dawa hiyo huganda inapokutana na unyevu, na unyevu umo ndani ya mfumo pia. Huziba ekspansheni valvu, na inaweza kuharibu mashine ya fundi atakayefuata.

Kwa gari zinazolala Nungwi, Paje au Jambiani, tunaongeza onyo la chumvi. Kondensa na mabomba ni alumini. Pale bomba linaposhikwa na klempu ya chuma ndipo huliwa kwanza. Gari za abiria na watalii zenye AC ya nyuma zina mabomba chini ya sakafu, kwenye tope na maji ya bahari, na fundi anayekagua mbele peke yake hataliona tundu. Gari ikipita mchangani, suuza chini na kondensa kwa maji matamu ya bomba la kawaida, si mashine ya kuoshea yenye nguvu, maana inapinda mapezi, vile vibati vyembamba vya kondensa. Kwa wa Pemba, kama gereji iliyo karibu Wete au Chake haina vakyumu pampu, ni bora uendeshe na vioo wazi mpaka uipate kuliko kujaziwa gesi juu ya hewa.

Kabla ya kuondoka, dai karatasi yenye tarehe, gramu zilizoingia, aina ya oili na mililita zake. Baridi ikipungua tena, fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi aitoe na kuipima kabla ya kuongeza chochote. Zikitoka gramu 300 kwenye mfumo uliojazwa 450 miezi mitano nyuma, tundu linatoa gramu 30 kwa mwezi. Zikitoka 440, gesi haina kosa, atafute kwengine.